Pale Ngoma Zinaponyamaza

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayeanguka muziki ukipigwa, na jirani mmoja ameshasema ni pepo, wa pili ameshasema ni malaika, na wa tatu ameleta majani ya kufukiza, basi nakuandikia wewe. Mimi ndiye niliyekuwa naanguka. Nilianguka kanisani, nilianguka jikoni, na siku moja nilianguka mbele ya kinyozi aliyekuwa amefungulia redio iliyokuwa ikipiga wimbo wa kanisa letu, naye akaapa mbele ya watu wote kwamba hakunigusa hata kwa kitana. Sasa majira mawili ya mvua yamepita sijaanguka, na ninaweza kusimulia bila kujishika kwenye meza.

Niseme mapema kwamba mimi ni mbishi. Mama anasema chuo kikuu kilinipa diploma mkono wa kulia na kuninyang'anya imani mkono wa kushoto. Si kweli, nilikuwa mbishi tangu shule ya jumapili, nilipouliza samaki walifanya jema gani hata wasizame kwenye gharika. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kukibishia: zile sehemu za wimbo.

Unazijua. Kuna wanaosisimka gitaa linapoacha mwendo wa polepole na kuingia sebene, ile sehemu ya kucheza. Baba yangu, mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki aliyetoka Butembo na asiyelia hata msibani, ana wimbo wake mmoja wa zamani ambamo tarumbeta inachelewa kuingia. Kabla haijafika ananyanyua kidole: “Sikia… sikia… hapo!” Kisha anakunja shati akuonyeshe mkono, vinyweleo vimesimama kama askari wa bendera. Kwangu mimi ni sauti za watu. Ngoma zinanyamaza, sauti moja inabaki peke yake juu kabisa, halafu besi zinaingia kwa chini, polepole, kama watu wanaonyanyua kitanda na wewe umelala juu yake. Hapo baridi ilikuwa inapanda kutoka kiunoni hadi kisogoni, na ngozi inakuwa ya kuku aliyenyonyolewa. Nilikuwa nikirudisha wimbo nyuma kwenye simu mara nyingi, sehemu ile ile tu, mpaka dada yangu ananiuliza kama wimbo hauna mwisho. Roho Mtakatifu sikumwamini sana. Vinyweleo niliviamini.

Dada yangu anaitwa Kavira. Ni mkubwa kwangu, ndiyo maana namwita Yaya, na anaimba katika korali ya kanisa letu pale mtaani Mudzipela. Kiongozi wao tunamwita Maestro, kama wanavyoitwa viongozi wote wa korali kwetu, ingawa wa kwetu siku za kazi anauza mabati. Mwaka ule Maestro alitunga wimbo mpya, akampa Kavira ile sauti ya juu inayobaki peke yake. Nilikwenda kanisani siku ya Mungu, yaani jumapili, kwa ajili ya dada na si kwa ajili ya mahubiri, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali pa wabishi.

Ngoma zikanyamaza. Kavira akabaki peke yake. Besi zikaingia, na ile baridi ikapanda kama kawaida, ila safari hii ilipofika kisogoni haikusimama. Iliingia ndani. Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Kisha nikaona miguu.

Miguu mingi sana, na viatu vya aina zote. Nilikuwa chini, nimefunikwa kitenge, ulimi unauma, na Mama analia kwa furaha.

“Muhindo! Roho amekushika mutoto yangu!”

“Mama, ni njaa.”

“Njaa gani? Ulikula bugali, ukaongeza!”

Nilitaka kujibu lakini mdomo ulikuwa mzito. Mchungaji akashika kipaza sauti, akaliambia kanisa lote kwamba yule kijana wa chuo, yule anayeuliza maswali, leo amejibiwa.

Hebu fikiria aibu yangu. Katika familia ya waumini, mimi nisiyeamini ndiye niliyekuwa ushahidi. Baba alilalamika mezani: “Mwenye haamini ndiye anaangukaka. Siye benye tunaamini, miaka yote tunabakia tu tunasimama kama nguzo za stima.”

Wimbo ukaimbwa tena, nikaanguka tena, pale pale. Na mara nyingine. Hapo kanisa likajipanga, maana kanisa letu linajua kujipanga. Nikahamishwa kutoka benchi la nyuma hadi la pili mbele, upande usio na kona kali. Mama wawili wa protokole, wale wanaopokea wageni mlangoni kwa kitambaa begani, wakapewa kazi ya kunidaka na kunifunika. Watu waliokaa karibu walinyoosha mikono wanishike bega kabla sijafika sakafuni, wapate chao. Na Maestro akaanza kunipigia simu.

“Muhindo, siku ya Mungu bageni banakuya toka Irumu. Korali yao iko na nguvu. Utakuwa?”

“Maestro, mimi si kinanda.”

“Kinanda tunacho. Siye tunahitaji weye.”

Nikienda ninaaibika, nisipoenda Kavira anasema ninamdharau. Basi nikaamua kufanya kile wanachotufundisha chuoni: jaribio. Kama ni Roho wa kanisani, nje ya kanisa hatakuwepo. Niliomba rekodi ya wimbo kwa mpiga ngoma, nikasubiri siku ambayo hakuna mtu nyumbani ila Mama uani, nikaingia jikoni, nikaweka simu kwenye rafu, nikakaa kwenye kigoda na mikono yangu wazi nivione vinyweleo. Karibu yangu, kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kulikuwa na sufuria ya maharage inachemka. Mtafiti makini angeondoa sufuria kwanza.

Nilizinduka nimelala kwenye maharage. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kutoka kiwiko hadi karibu na vidole, na Mama amesimama mlangoni. Safari hii haleluya haikutoka. Aliitazama simu, ambayo bado ilikuwa ikilia kwenye rafu, akaitazama na mbabula, akasema kwa sauti ndogo:

“Huyu roho wa kwenye telefone, mimi simujue.”

Neno kifafa lilisemwa kwanza na mwanamke aliyenifunga dawa ya moto kwenye kituo cha afya cha jirani. Lilifika kwenye avenyu yetu kabla yangu. Na hapa nawaomba wagonjwa wenzangu mjiandae, kwa sababu jambo hili linachekesha ukiwa mbali tu. Wale wale waliokuwa wananyoosha mikono wanishike sasa waliivuta. Jirani aliyewahi kuomba nimshike mwanawe kichwa akaanza kunipa maji kwenye kikombe cha plastiki chenye alama, akiogopa mate yangu. Mwili ulikuwa ule ule, na kuanguka kule kule. Nikauliza kanisani, kwa sauti, kwa sababu siwezi kunyamaza: baraka iligeukaje ugonjwa bila kubadilisha hata mahali pa kuangukia? Mama mmoja wa protokole alikohoa.

Hilo ningelivumilia. Lakini watu hawakuishia kwangu. Kama wimbo unaimbwa na korali nzima, walisema, na kijana anaanguka pale ambapo ni Kavira tu anayesikika, basi shida iko kwenye sauti ya Kavira. Kavira alikuwa amechumbiwa. Shangazi wa mchumba wake akaja siku moja, akakaa, akanywa chai yote, akala mandazi yote, kisha akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza bei ya viazi:

“Sauti hii ya mutoto yenu, aliipataka wapi?”

“Ni ya bibi yake,” Mama akasema.

“Na bibi yake, aliipata kwa nani?”

Kuanzia siku ile Kavira hakuimba tena. Si kanisani tu. Alifua kimya, alipika kimya. Nyumba yetu, ambayo zamani ulisikia sauti yake kabla hujaona lango, ikawa nyumba ya watu wanaosikia saa ya ukutani. Maestro alikuja kumbembeleza na kurudi na kofia yake mkononi. Niliungua mkono, lakini kilichoniuma kweli ni kile kimya. Hapo ndipo nilipokubali kwenda hospitali kubwa. Nilitaka dada yangu arudishiwe sauti, na niliona njia moja tu: niusikie ule wimbo wote mbele ya watu, nikiwa nimeketi.

Ulikuwa mwanzo wa mvua, na Mama alinisindikiza. Nyinyi mnaosubiri sasa hivi kwenye benchi kama lile, poleni, nalijua. Linachonga mapaja. Watu wa benchi la hospitali hawaulizani majina, wanaulizana magonjwa. Karibu yangu alikaa mama aliyetoka Kpandroma, amefunika mguu wake uliovimba kwa kanga.

“Weye unaumwa nini, kijana?”

“Naangukaka nikisikia wimbo.”

Benchi lote likageuka.

“Wimbo gani?”

“Mmoja wa korali yetu.”

“Tuimbie kidogo, tusikie.”

“Mama, nikiuimba nitaanguka.”

“Na ukianguka? Si uko tayari ku hospitali?”

Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani akamuunga mkono. Alisema safari ya kuja hospitali ndiyo ghali, na mimi nilikuwa nimeshaimaliza. Niliokolewa na muuguzi aliyeita jina langu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu aanze kazi. Alitaka kusikia kutoka kwa aliyeniona, maana anayeanguka hana habari zake mwenyewe. Mama hakuona sababu ya kueleza kwa maneno. Alivua viatu, akatandika kitenge sakafuni, akalala, akakaza mikono, akageuza macho, akatetemeka vizuri sana. Muuguzi alifungua mlango, akaona, akakimbilia kuleta machela.

“Bado,” daktari akamwambia. “Huyu ni mama yake.”

Nami nilikuwa nimesimama pembeni, nikijiona kwa mara ya kwanza. Sikucheka siku ile.

Daktari alisema ni kifafa, cha aina ambayo hupatikana mara chache, chenye kuamshwa na muziki. Kwamba hakiambukizi kwa mate wala kwa kikombe. Na kwamba sauti ya dada yangu haina kosa zaidi ya kuwa nzuri. Nilimuuliza maswali mengi. Aliyajibu manne, kisha akanionyesha benchi kupitia dirishani. Alinipa vidonge, akatukataza kunitia kijiko mdomoni. Nikianguka, wanilaze ubavu, waondoe vyenye ncha na vyenye moto, wangoje. Nikikawia kuzinduka, wanilete.

Vidonge vya mwanzo vilinionyesha vitu vyote viwili viwili. Niliona lango mara mbili, nikagonga la uongo. Nilimwona Baba mara mbili, na mmoja alikuwa ananitosha. Daktari akapunguza kipimo, macho yakarudiana, ila usingizi ukabaki. Nilisinzia hata nikiwa nabishana, na watu wengi wakafurahia ushindi wasiostahili. Kisha nikanenepa. Suruali za chuo zikagoma. Ndugu walioniona sokoni waliniambia ugonjwa huu unanipenda.

Na kuishi Mudzipela bila muziki, jaribu uone! Kulia kanisa, kushoto kanisa, mbele baa, na kila pikipiki ina redio. Nilitembea na pamba masikioni kama maiti aliyetoroka. Lakini huruma hutoka mahali usipopategemea. Vijana wa taksi-moto, wale wa pikipiki za abiria, pale kwenye njia panda yetu, ambao sikuwahi kuwafikiria kuwa na moyo wa kulea, walipatana wenyewe kwa wenyewe. Nikitokea tu, mmoja anapaza sauti: “Zima! Zima! Munene wa kifafa anapita!” Redio zote zinazimwa. Ninapita katika kimya kama rais. Nikifika ng'ambo, zinawashwa. Hawakuniuliza dini wala diploma.

Mvua zikaisha, vumbi jekundu likarudi, na sikuwa nimeanguka. Nilipaswa kufurahi. Lakini niligundua jambo nikaona haya kumwambia daktari: nilisikiliza nyimbo za zamani kwa sauti ndogo, zile salama, na mkono wangu ulibaki laini kama sahani. Niliukodolea macho kama mtu anayetafuta mtandao. Hakuna. Niliwaza kwamba pengine vidonge haviwezi kuchagua, vimefagia ugonjwa na msisimko kwa ufagio mmoja. Nikaanza kujiuliza ingekuwaje nikiruka siku chache.

Nilimwambia Kavira, tukichambua mchele.

“Yaya, sisisimki tena.”

“Aksanti Mungu.”

“Unasema aksanti? Ndicho kitu kimoja nilichokuwa nacho! Wengine mna mbingu. Mimi nilikuwa na hicho tu.”

Aliacha mchele.

“Muhindo, weye haujajiona. Weye unalalaka tu, unaamuka, unauliza maswali. Siye ndiye tunaonaka. Nilikuwa naimba, nikaona ndugu yangu anapigapiga kichwa chini, povu linatoka, na Maestro ananionyesha kwa mkono: endelea, endelea. Nikaendelea. Unajua ni nini, kuendelea?”

Nikauvuta mchele wake, nikachambua wake na wangu. Vidonge sikuviruka. Wewe pia usiviruke. Kama vinakuonea, mwambie daktari, ndiye aliyesomea kugombana navyo.

Katika ziara iliyofuata daktari aliruhusu nianze kurudi kwenye muziki kidogo kidogo, nikiwa na watu, nimekaa chini, mbali na moto. Maestro alilichukua hili kama agizo la serikali. Alikuja uani kwetu na waimbaji wawili wa besi, wakaniimbia besi peke yake. Nikavumilia. Siku nyingine ngoma peke yake. Kisha Maestro mwenyewe akajaribu sauti ya juu, na nikamhakikishia kwamba kwa sauti ile hakuna mtu yeyote atakayewahi kuanguka. Alibaki Kavira. Alikataa wiki nzima, akakataa nyingine. Mwishowe alisema ataimba, ila mchana, uani kwetu, na sisi wenyewe tu.

Ilikuwa alasiri ya jumamosi, mvua mpya zikiwa zimeanza kunukia. Godoro lilitandikwa uani, nikaketi katikati yake kama mtoto mchanga. Mama alikaa nyuma yangu na mito. Baba alisema hana muda wa mambo hayo, akaenda nyuma ya nyumba kutengeneza baiskeli, ingawa hatuna baiskeli. Maestro na besi zake wakasimama karibu na pipa la maji. Kavira alisimama kwenye kamba ya nguo, ametugeuzia mgongo.

Akaanza. Sauti ilikuwa na kutu kidogo mwanzoni. Maestro akapiga mdundo kwenye pipa, wimbo ukaenda, ukaenda, mkono wa Maestro ukasimama hewani, na pale ambapo Kavira alipaswa kubaki peke yake, hakubaki. Alinyamaza.

“Siwezi.”

“Yaya,” nikasema, “geuka. Imba ukiniangalia. Nikianguka, niko kwenye godoro. Nisipoanguka, yule shangazi atatafuta chai nyumba nyingine.”

Alicheka kabla hajataka kucheka. Akageuka. Alikuwa analia tayari. Maestro akarudisha mdundo, mkono ukasimama tena, na sauti ya dada yangu ikapanda peke yake, ikakaa pale juu. Besi zikaingia chini yake.

Nilitazama mkono wangu, ule wenye kovu. Kwanza hakuna. Kisha, pembeni mwa kovu, kinyweleo kimoja, halafu vyote. Baridi ilipanda mgongoni, ikafika kisogoni, na mimi nikashika godoro kwa mikono miwili nikingoja harufu ya nywele zinazoungua. Nilisikia harufu ya vumbi na mvua. Baridi ikakaa kidogo pale kisogoni, kisha ikateremka, ikaenda zake, kama mgeni mwenye adabu. Kumbe watu wengine ndivyo wanavyoishi nayo.

“Ameanguka?” Mama aliuliza, macho ameyafumba.

“Bado!” Baba akajibu kutoka kwenye kona ya nyumba, hana hata spana mkononi.

Kavira hakusimama. Akaingia ubeti wa pili, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kuujua kama upo. Mara zote nilikuwa chini, nikizinduka wakati wa sadaka. Niliinama mbele nisikie vizuri. Ndugu zangu, ubeti wa pili wa wimbo ule ni mbaya. Maestro alikuwa ameishiwa maneno, akaamua kushukuru kamati ya ujenzi wa kanisa: mwenyekiti, makamu wake, mwandishi, waliochanga saruji, waliochanga mchanga, kila mtu kwa cheo chake, bila kina wala mizani. Na dada yangu aliuimba kwa moyo wote, macho yake machoni pangu, sauti imerudi kamili, mpaka vijana wa pikipiki wakasimama langoni. Machozi yalikuwa yananishuka hadi kwenye kola.

Mama akanishika bega kwa nguvu. “Muhindo! Juu ya nini unalia? Inaanza?”

“Hapana, Mama,” nikasema. “Ngoja kwanza. Amefika kwa mweka hazina.”